SINDANO NA UZI: Maua ya Bibi tumeyaandika kabla hajaondoka

Toleo lililopita tuliongelea kutia viraka sare za shule. Baada ya hapo mama mmoja alitusimamisha bombani akasema: "Nyinyi mnatufundisha viraka tu, na yale maua mnayoshona jioni mnayaficha!" Hatuyafichi, mama. Leo ndiyo zamu yake.

Lakini kwanza tuwape habari iliyotushtua, maana bila hiyo pengine tusingeandika haya.

Mwezi uliopita jina la Bibi wetu, mkubwa wa kikundi, lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Anakwenda kuishi na mwanae, mbali sana. Siku zilizobaki zilikuwa 16. Tulipiga vigelegele, tukacheza, maana amesubiri miaka mingi. Usiku ule mmoja wetu akauliza: "Na maua yake je?" Tukanyamaza wote.

Bibi alijifunza kudarizi kwa fwaye huko Kongo, akiwa msichana. Ana maua manne ya pembeni mwa kitambaa. Mabinti wengi walioolewa hapa kambini wamepewa kitambaa cha meza chenye ua mojawapo. Lakini hakuna hata ua moja lililoandikwa popote. Tulipomwambia Bibi atuchoree, alicheka: "Wanangu, mimi sijui kuchora. Mimi nahesabu."

KUHESABU NI NINI?

Kudarizi kuko kwa namna mbili. Ya kwanza, unachora ua kwa penseli juu ya kitambaa, halafu unafuata mstari kwa sindano. Hiyo wengi tunaijua. Ya pili, huchori kitu. Unahesabu nyuzi za kitambaa chenyewe: nyuzi za mtande zinazokwenda juu, na nyuzi za mshindio zinazokatiza. Unaambiwa: shona misalaba 3, acha nafasi 1, shona 3 tena. Ua linatoka lenyewe kwenye hesabu.

Sasa angalia faida yake. Ua la kuchora linahitaji karatasi au mtu wa kuchora. Ua la kuhesabu linakaa kichwani kama wimbo. Mtu akikimbia usiku bila mzigo, ua lake anakimbia nalo. Na asiyejua kusoma hajakosa kitu, mradi anajua kuhesabu mpaka kumi.

KITAMBAA, SINDANO NA UZI

Kitambaa kizuri ni kile ambacho nyuzi zake zinaonekana kwa macho na ziko sawa pande zote mbili. Kipime hivi: weka rula, hesabu nyuzi zilizoko katika sentimeta 5 kwenda juu, halafu hesabu katika sentimeta 5 kwenda pembeni. Zikilingana, kizuri. Kama juu ni 50 na pembeni ni 40, ua lako litatanuka, na duara litatoka kama yai.

Mtasema, kitambaa cha namna hiyo tutakipata wapi? Sisi tulianzia kwenye mfuko wa mgao, ule wa plastiki uliofumwa. Utazame vizuri: ni vipande vyembamba vinavyopita juu na chini ya vingine, kama mkeka. Wetu una vipande kama 4 katika sentimeta 1. Hesabu wa kwako mwenyewe, maana mifuko haifanani. Ukiukata unafumuka, kwa hiyo pinda ukingo na ushone kabla ya kuanza. Na usiuweke karibu na jiko, plastiki hiyo inayeyuka na kuwaka. Ukishazoea, hamia kwenye kitambaa cha pamba.

Sindano iwe butu, yenye tundu kubwa. Kazi yake ni kupita katikati ya nyuzi, siyo kuzitoboa. Shazia ya magunia ni kubwa mno. Chukua sindano ya kawaida nene, sugua ncha yake juu ya jiwe mpaka isichome kidole.

Uzi kwa ajili ya mfuko ni uzi wa sweta. Sweta la mtumba lililotoboka viwiko bado lina uzi mwingi. Lifumue, zungusha uzi kwenye ubao, ulowanishe, uache ukauke ukiwa umenyooka. Kwa kitambaa cha pamba tumia uzi wa kudarizi: mmoja una nyuzi 6 ndani yake, unatenganisha 2 au 3. Uzi mwekundu ujaribiwe kwanza: loweka kipande kwenye maji ya moto yenye sabuni, kibane kwenye kitambaa cheupe. Ukitoa rangi, usiutumie kwenye cheupe. Sisi tumeshalia kwa ajili hiyo.

Kata uzi wa dhiraa moja, yaani kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko. Uzi mrefu unajisokota na kuchakaa kabla ya kwisha. Mvivu ndiye anayekata mrefu, na ndiye anayechelewa kumaliza.

MSHONO WA MSALABA

Fikiria kijumba chenye pembe nne, upana nyuzi 2 na urefu nyuzi 2. Pembe ya chini kushoto tuiite 1. Ya juu kulia ni 2. Ya chini kulia ni 3. Ya juu kushoto ni 4. Sindano inatokea 1, inazama 2, inatokea 3, inazama 4. Huo ndio msalaba.

Kama misalaba ni mingi kwenye mstari, usimalize mmoja mmoja. Tokea 1, zama 2, tokea 3. Kumbe hiyo 3 ndiyo 1 ya kijumba kinachofuata! Endelea hivyo mpaka mwisho wa mstari, utakuwa na miguu iliyolala upande mmoja. Halafu rudi ulikotoka ukiweka miguu ya juu, kutoka 3 kwenda 4. Ukigeuza kitambaa nyuma, utaona vijistari vilivyosimama wima. Vikisimama vizuri, kazi yako ni nzuri.

Sheria ni mbili. Kwanza, miguu yote ya juu ilale upande mmoja kwenye kitambaa kizima. Mmoja ukilala kinyume, mwanga unaupiga tofauti na unaonekana kama jino lililong'oka. Pili, usifunge fundo nyuma. Acha mkia wa uzi wa sentimeta 5, uufunike kwa misalaba ya kwanza. Ukimaliza, pitisha uzi chini ya misalaba 4 au 5, ukate. Fundo linavimba, na kwenye kufua linapenya.

Kwa mashina na mistari myembamba kuna mshono wa kwenda na kurudi. Unakwenda: funika nyuzi 2, acha 2, mpaka mwisho. Unarudi kwenye tundu zile zile, ukijaza pale ulipoacha. Mbele na nyuma vinafanana. Ulaya mshono huu wameupa jina la Holbein, mchoraji aliyefariki London mwaka 1543, kwa sababu kwenye picha zake za watu wakubwa, kola na mikono ya mashati inaonyesha mshono huu waziwazi.

MTI WA KUJIFUNZIA

Huu mti tumeupanga wenyewe ili kila mtu aanze nao. Kunja kitambaa mara nne, ukunjue: pale mikunjo inapokutana ndipo katikati. Mti uanzie hapo, na kila mstari ukae katikati ya ule wa juu yake. Kutoka juu kwenda chini, idadi ya misalaba ni hii:

Mstari wa 1: msalaba 1
Mstari wa 2: misalaba 3
Mstari wa 3: misalaba 5
Mstari wa 4: misalaba 3
Mstari wa 5: misalaba 5
Mstari wa 6: misalaba 7
Mstari wa 7: misalaba 5
Mstari wa 8: misalaba 7
Mstari wa 9: misalaba 9
Mstari wa 10: msalaba 1
Mstari wa 11: msalaba 1
Mstari wa 12: misalaba 3

Jumla ni misalaba 50. Ukimaliza, mpe mtoto ahesabu. Akipata 49 au 51, usimgombeze, tazama kazi yako.

Ukubwa wake unaujua kabla hujashona. Mfuko wenye vipande 4 kwa sentimeta, kila msalaba ukichukua 2, unatoa misalaba 2 kwa sentimeta. Mti wenye misalaba 12 kwenda juu utakuwa na urefu wa sentimeta 6. Kwenye kitambaa chenye nyuzi 10 kwa sentimeta, utapata misalaba 5 kwa sentimeta, na mti utakuwa chini kidogo ya sentimeta 2 na nusu. Ua ni lile lile, kitambaa ndicho kinachoamua ukubwa.

Hapa tuungame kosa letu. Mwaka jana tulipewa kazi ya kitambaa cha meza chenye maua ya kuzunguka pande zote. Tulianza kwa furaha, wanne, kila mmoja upande wake. Tulipofika pembeni, maua hayakukutana. Mmoja alikosea uzi 1 mwanzoni, uzi mmoja tu, na kila ua lililofuata likasogea naye. Tulifumua jioni tatu. Tangu siku hiyo kila misalaba 10 tunasimama, tunahesabu, mwenzako anahesabu tena. Na ushauri mwingine: miti 10 kwa mstari mmoja, ukiacha nafasi 3 kati ya mti na mti, inachukua 117, maana nafasi zilizo katikati ni 9 tu. Lakini ikizunguka na kurudi ilipoanzia, inachukua 120, maana nafasi zinakuwa 10. Wengi wanakosea hapo, na sisi tulikuwamo.

SIKU 16 ZA BIBI

Turudi kwa Bibi. Tulinunua daftari la hesabu, lile la vijumba, Wakongomani tunaita kaye ya karo. Kijumba kimoja ni msalaba mmoja. Bibi anataja, sisi tunatia alama ya X. Tulidhani siku mbili zingetosha.

Ua la kwanza lilikwenda vizuri. La pili likatushinda. Bibi alisema: "Tatu, moja, tatu, acha mbili." Tukaandika hivyo hivyo. Mwenzetu mmoja akashona kutoka kwenye kaye, jani halikugusa shina. Tukamsomea Bibi tulichoandika, akasema ndivyo. Tukashona tena, jani likabaki hewani tena. Watu walianza kununiana. Mwisho binti mdogo wa miaka 11, aliyekuja kumfuata mama yake, akasema: "Bibi, shona bila kusema." Bibi akashona kimya. Mdomo wake ulikuwa unasema acha mbili, mkono wake ulikuwa unaacha tatu! Tulipomwonyesha alishangaa, halafu akatueleza: "Ile ya kwanza ni ya kushusha pumzi. Haihesabiwi."

Yaani kwa miaka yote hiyo mkono ulijua kitu ambacho mdomo haukukisema. Tangu hapo tukabadilisha utaratibu. Hatuandiki kwa kusikiliza, tunaandika kwa kutazama. Tunageuza kitambaa nyuma, tunahesabu vijistari, kisha tunahesabu mbele. Zikilingana ndipo tunatia kalamu. Halafu mtu mwingine, ambaye hakuwepo, anashona kutoka kwenye kaye peke yake. Akifaulu, ua limeandikwa.

Hatukuwa wa kwanza kukaa na shida hii. Tulipokuwa tunaandika, mwalimu mmoja wa hapa alitueleza habari za akina mama wa Kipalestina. Kwao kudarizi ni msalaba wa kuhesabu kama huu wetu, wanashona kwenye magauni marefu. Zamani gauni la mwanamke lilikuwa linaonyesha ametoka sehemu gani, kwa rangi na maua yake. Wana ua la mti wa sipresi, wana ua linaloitwa hema la pasha. Mwaka 1948 vita vilipotokea, watu zaidi ya 700,000 walipoteza makazi yao. Vijiji vingi vikaisha, lakini maua yake hayakwisha, kwa sababu yalikuwa yamehesabiwa vichwani na kwenye magauni waliyovaa. Kambini, wa kijiji hiki akakaa na wa kijiji kile, wakafundishana, maua yakachanganyika. Mwaka 1950 shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi wa Kipalestina lilianzisha kituo cha kudarizi Gaza, kinaitwa Sulafa, ili akina mama wauze kazi yao wapate fedha za nyumbani. Na mwaka 2021 UNESCO iliuandika ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Tena wana ujanja ambao tumeujaribu. Wakitaka kushona kwenye kitambaa laini ambacho nyuzi zake hazihesabiki, wanaweka juu yake kitambaa kingine chenye vitundu, wanashona kupitia vyote viwili, halafu wanachomoa nyuzi za kile cha juu, uzi mmoja mmoja. Ua linabaki kwenye kitambaa laini. Sisi tulitumia kipande cha gunia la juti juu ya kitenge. Hapa sindano iwe yenye ncha, ila ipite kwenye vitundu vya gunia, isitoboe nyuzi zake, la sivyo hazichomoki. Na msililowanishe: juti ikilowa inaacha rangi ya kahawia. Jaribuni.

UA LA NNE

Siku ya 13 tulikuwa na maua matatu kwenye kaye. Tukabaki na la nne, lile la ndege wawili wanaotazamana na chungu katikati yao, jekundu na jeusi. Bibi hakuwa na kitambaa chake hata kimoja, alishavigawa vyote. Alikaa na sindano. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa 9 ulikwenda bila kusita. Kwenye wa 10 mkono ukasimama. Akafumua, akaanza upya, ukasimama pale pale. Asubuhi ya pili hivyo hivyo. Hatukumsukuma. Alituambia taratibu: "Wanangu, mkono umesahau. Muache nafasi kwenye kaye, msijaze kwa kubuni."

Tuliiacha nafasi. Bibi ameshaondoka. Alfajiri ile alikuwa na begi moja, na ndani yake kaye ya pili tuliyomnakilia, ili wajukuu zake huko nao washone. Sisi tumebaki na ya kwanza. Ukurasa wa ndege una mistari 9, chini yake ni vijumba vitupu.

Kwa hiyo tuna maombi mawili, ndugu wasomaji.

La kwanza: kama uliolewa hapa kambini, au mama yako aliolewa hapa, fungua sanduku utazame. Ukikuta kitambaa chenye ndege wawili na chungu, hata kama kimechanika, hata kama nusu imeliwa na panya, tuletee tukione. Hatukichukui. Tutakihesabu mbele yako, utaondoka nacho. Ndege wakichanika upande mmoja si tatizo, maana wanatazamana: wa kulia atatuonyesha wa kushoto.

La pili: kila nyumba ina mzee wake. Kuna anayejua kudarizi, kuna anayejua kusuka mikeka, kuna anayejua ungo. Usingoje jina litoke kwenye ubao. Mkalishe jioni hii, mpe kazi mkononi, unyamaze, utazame mkono. Andika unachokiona. Mtoto anayejua hesabu za darasa la tatu anatosha kushika kalamu.

Na wababa pia mnakaribishwa. Fundi mmoja wa baiskeli ameanza kuja, na miguu ya misalaba yake yote inalala upande mmoja kuliko ya baadhi yetu.

Tunakutana Jumatano saa 9 alasiri chini ya mwembe. Njoo na sindano yako, uzi tutagawana. Toleo lijalo tutaeleza kuchomoa nyuzi ili kitambaa kiwe na dirisha. Mpaka hapo tunawatakia kazi njema, na kumbukeni: kila misalaba kumi, simama uhesabu.

Ni sisi wenu wa kikundi cha sindano.